Ngazi za Bwana Naftaly

Bwana Naftaly Kihara alikuwa na ramani ya Bonde la Ufa iliyochomwa pini nyekundu kila mahali, na ofisini mwake hamkuwa na kitabu hata kimoja. Mwalimu Rahab aliliona jambo hilo siku ya kwanza alipoitwa mle, mwezi wa pili mwaka 2007, na tangu hapo hakulisahau. Pini ya Nakuru mjini ndiyo pekee iliyokuwa na shule chini yake. Zile za Bahati, Subukia, Mai Mahiu na kwingineko zilikuwa zimechomekwa juu ya nia tu.

"Unaona, Mwalimu?" Naftaly alisema, akipitisha kidole kutoka pini hadi pini. "Kufika Disemba tuwe nne. Mwaka kesho, kumi. Hii kitu itafika mpaka Kisumu."

Rahab aliitazama ramani, kisha akamtazama mwenye ramani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, amefundisha shule za serikali miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kumtenganisha mtu apendaye watoto na mtu apendaye idadi ya watoto. Huyu hakumpa kazi ngumu. Suti yake ilimkaa vizuri kuliko maneno yake.

Shule ile ilikuwa imeanza bila ramani. Mwaka 2003, elimu ya bure ilipotangazwa na madarasa ya serikali kufurika watoto mia mia, Mama Shakuntala alilifungua ghala la magunia karibu na reli. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na ghala hilo aliachiwa na marehemu mumewe, Ishwarlal, aliyekuwa na kinu cha unga. Akamwita Rahab. Wakaligawa ghala kwa mbao, wakawachukua watoto sabini kutoka Bondeni na Ponda Mali, watoto wa wauza mitumba na wapagazi wa soko, wakawafundisha bila karo na bila jina. Watu waliiita shule ya ghalani. Kisha magoti ya Mama Shakuntala yakaanza kukataa ngazi na mabenchi, akaona heri kuunda bodi, na bodi ikamwajiri mkurugenzi, Naftaly, aliyekuwa ameuza bima miaka kumi na miwili na ambaye hadi leo alimsalimia kila mtu kana kwamba mtu huyo yu karibu kufa.

Naftaly aliipa shule jina: Ngazi. Akaipa rangi ya chungwa, wimbo, fulana na mkutano wa Jumatatu ambapo walimu walipiga makofi kwa pamoja wakisema "Panda!" Rahab alikuwa akipiga makofi hayo kama mtu anayeua mbu.

"Nilikuita kwa hii," Naftaly alisema, akatoa karatasi. "Tunasajili darasa la nane kwa mtihani wa taifa. Kuna watu kumi na mmoja hapa wanatuvuta chini. Wafadhili wanaangalia kitu moja tu, Mwalimu. Meani. Wastani wa alama. Tukipata meani ya juu, hizi pini zote zinakuwa shule."

"Na hao kumi na mmoja?"

"Tunawasajili Subukia. Tutafungua tawi huko mwezi ujao. Hawataingia kwa hesabu ya Nakuru."

Rahab aliisoma ile karatasi. Alikuwepo Jerop, msichana mrefu aliyekosa shule siku moja kila wiki kumpeleka mama yake hospitali. Alikuwepo Nanyama, aliyesoma polepole lakini hakusahau alichokisoma. Wengine tisa walikuwa wa namna hiyo hiyo: watoto waliochelewa kuanza, waliohamahama, waliosoma wakiwa na njaa. Wote aliwafundisha tangu mwaka wa kwanza wa ghala.

"Subukia hakuna shule," alisema.

"Kuna stoo ya kahawa. Kubwa. Tutapaka rangi."

"Watalala wapi?"

"Mwalimu, mambo ya logistiki niachie mimi."

Jioni hiyo Rahab alikwenda nyumbani kwa Mama Shakuntala. Alimkuta ameketi barazani na mguu juu ya kigoda, akichambua dengu kwenye sinia. Rahab alimweleza yote, akasubiri ule ukali aliouzoea, ukali uliowahi kumfanya diwani aombe radhi mbele ya darasa la tatu. Haukuja.

"Bodi walisema ni kwa faida ya wengi," Mama Shakuntala alisema, macho kwenye dengu. "Walinionyesha chati."

"Chati."

"Mimi nimechoka, Mwalimu. Huyu kijana anajua watu. Mimi na wewe tulijua watoto sabini tu."

Rahab aliinuka. Chai aliyoandaliwa aliiacha bila kuigusa, jambo ambalo nyumba hiyo haikuwahi kumwona akilifanya. Njiani alijiambia kwamba uzee ni kitu cha aibu, halafu akakumbuka kwamba mwenyewe hakuwa mbali nao, akazidi kukasirika.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Naftaly kwamba kama wale kumi na mmoja wanakwenda Subukia, yeye ataandamana nao. Naftaly alifurahi. Alidhani amepata mtu wa kujitolea. Ukweli ni kwamba Rahab hakuwa akijitolea kwa lolote. Hakuweza tu kuvumilia kubaki Nakuru akipiga makofi. Kama angebaki hata wiki moja zaidi, angemtupia mtu daftari.

Stoo ya Subukia ilikuwa na dirisha moja na harufu ya maganda ya kahawa iliyokuwa imeingia kwenye kuta miaka mingi. Kibao cha shule kililetwa kabla ya madawati. Kilikuwa kikubwa kuliko mlango, chenye picha ya mtoto anayepanda ngazi huku akicheka, na mafundi walipokosa pa kukiweka walikiegemeza kwenye mti wa mgrevilea, ng'ombe wa jirani wakawa wanajikuna nacho. Siku ya ufunguzi Naftaly alikata utepe, akahutubia mahindi na watu wachache waliokuwa wamepita njia, akasema bonde hili halitakuwa tena lilivyokuwa, akaingia garini. Hakulala hata saa moja Subukia.

Rahab alipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa, wasichana wakalala kimoja pamoja naye, wavulana kingine. Walipika kwa zamu. Wazazi walikuwa wameambiwa watoto wao wamechaguliwa kwa mpango maalumu, na mama yake Jerop, maskini, alimtuma bintiye na salamu za shukrani kwa Mkurugenzi. Mpango wenyewe ulikuja katika kijitabu cha rangi ya chungwa ambacho kila mwalimu wa Ngazi alitakiwa kukifuata dakika kwa dakika. Rahab alikifungua siku moja. Kiliandikwa: *Saa tatu na dakika kumi, mwalimu atatabasamu na kuuliza, Je, tuko tayari?* Alikifunga, akakitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, meza ikatulia, na hiyo ikawa faida ya kwanza na ya mwisho ya kijitabu kile.

Walisoma. Nanyama alijifunza desimali kwa kupima maziwa ya mwenye nyumba. Jerop, aliyekuwa na hofu ya Kiingereza kama mtu anavyoogopa mbwa, alisoma gazeti kuukuu kwa sauti kila asubuhi mpaka hofu ikawa aibu, na aibu ikawa mazoea. Hawakuwa watoto wa ajabu. Rahab hakuwa na subira na hadithi za watoto wa ajabu. Walikuwa watoto ambao ukiwaeleza jambo mara nne badala ya mara moja, wanalielewa.

Mwezi wa saba Naftaly alileta wageni: wazungu wawili na bibi mmoja wa Nairobi mwenye miwani kichwani. Fulana mpya ziligawiwa nusu saa kabla. Mzungu mmoja, mzee mpole mwenye uso mwekundu wa jua, alichuchumaa mbele ya Jerop, akamuuliza anapenda nini zaidi katika shule hii.

Jerop alimtazama Rahab, kisha akajibu kwa Kiswahili, polepole, bila ukaidi wowote: "Sisi tulitolewa Nakuru ndio meani isishuke."

Naftaly alicheka, akaweka mkono begani mwa msichana.

"She says they were specially selected from Nakuru," alimwambia mgeni, yaani eti walichaguliwa kwa mpango maalumu. "She is very proud."

Mzee alitikisa kichwa kwa furaha. Bibi wa miwani alielewa kila neno. Rahab aliona macho yake yakihama haraka kutoka kwa Jerop hadi kwenye viatu vyake mwenyewe. Huyo angeweza kusema. Rahab pia angeweza kusema. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha Naftaly, na mgeni alikuwa hatua mbili mbele yake. Badala yake alisikia mtu akisema "Picha! Picha!", akasogea, na alipopangwa katikati ya watoto wale, akatabasamu.

Usiku ule dharau aliyokuwa amempa Naftaly miezi yote ile, aliyompa Mama Shakuntala, aliyowapa wanabodi na chati zao, ilimrudia yeye, na alipoipima aliona imemtosha kabisa.

Mtihani ulifanywa Novemba. Matokeo yalipotoka, shule ya Nakuru ilipata meani ya mia tatu hamsini na moja kati ya mia tano, na Naftaly alichapisha bango la turubai la mita nane lenye tarakimu hizo. Subukia, Nanyama alipata mia tatu na moja. Jerop alipata mia mbili sitini na nane. Watatu walikuwa chini ya mia mbili, na waliobaki walitawanyika katikati. Katika ripoti ya Ngazi mstari wa Subukia uliandikwa *shule changa, haijapimwa.* Rahab aliwasomea watoto alama zao mmoja mmoja, akawaambia ukweli juu ya kila alama, akawarudisha kwao Nakuru siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Disemba.

Yaliyofuata kila mtu wa Nakuru anayajua, na kila mtu anayo namna yake ya kutoyazungumzia. Mji ulishikilia pumzi wiki kadhaa huku watu waliofurushwa kwingine na ghasia za baada ya kura wakijaa katika uwanja wa maonyesho. Mwishoni mwa Januari ukawaka na wenyewe. Nyumba zilichomwa mtaa kwa mtaa. Huku waliwindwa hawa, kule waliwindwa wale, na majirani walioazimana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo.

Rahab aliishi karibu na reli. Siku ya pili ya moto, saa mbili asubuhi, alisikia kwamba watu wamekwenda Ngazi. Alijifunga leso kichwani, akatoka.

Nje ya geti la shule palikuwa na watu wapatao mia, na nusu yao aliwajua. Walikuwa wazazi wa shule ile, wa makabila yale yale yaliyokuwa yakichomeana kule juu, wameketi kwenye vumbi bega kwa bega na masufuria yao na magodoro yaliyokunjwa. Hawakuwa wamepatana, walikuwa wamechoka tu, na hapa ndipo mahali pekee walipopafahamu wote. Nanyama alikuwepo na nduguze. Jerop alikuwepo, amemwegemeza mama yake ukutani. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya na kufuli kubwa kama ngumi ya mtu. Juu yake lilining'inia lile bango: 351.

Mzee Omolo, mlinzi, alionekana upande wa pili kupitia nafasi ya geti. Ndevu zilikuwa zimemwota.

"Fungua, mzee," Rahab alisema.

"Madam, ufunguo Mkurugenzi alienda nayo. Zote mbili." Sauti ya Omolo ilikuwa kavu. "Hata mimi nimefungiwa ndani. Siku ya nne leo. Hawa mama ndio wananirushia ugali juu ya ukuta."

Rahab alipiga simu. Naftaly alikuwa Nairobi, mahali penye utulivu. Nyuma yake zilisikika glasi na vijiko.

"Mwalimu, afadhali umepiga," alisema. "Usiruhusu mtu kuingia. Hiyo ni mali ya wafadhili. Ukiingiza kabila moja, lile lingine litachoma. Ukiingiza wote, watachomana humo humo."

"Na nisipoingiza mtu?"

"Basi shule itabaki."

"Shule gani?" Rahab aliuliza. "Watoto wote wako huku nje."

"Mwalimu, usiwe emotional. Fikiria jina letu. Picha ya moto kwa shule ya Ngazi, unajua itatuchukua miaka mingapi kuifuta?"

Rahab aliikata simu. Hakuwa amemkatia mtu simu maishani mwake, na alishangaa jinsi ilivyo rahisi. Kisha akapiga nambari ambayo hakuwa ameipiga karibu mwaka mzima.

"Mama," alisema ilipopokewa, "hicho kiwanja ni cha nani?"

Alisikia pumzi, na redio ikizimwa. "Mwalimu Rahab?"

"Ghala la mumeo. Kiwanja ni cha Ngazi, au ni chako?"

"Ni changu. Niliwaazima tu. Kuna nini?"

Rahab alimweleza, kwa maneno machache, jinsi mtu anavyomweleza daktari.

Baada ya nusu saa gari kuukuu la Peugeot lilikuja polepole likikwepa mawe barabarani. Mama Shakuntala alikuwa ameketi mbele, amevaa sari ya nyumbani na sweta, na aliyeendesha alikuwa fundi wa kinu. Watu walimwambia baadaye kwamba ni wazimu kutoka nje siku kama ile, mtu wa miaka sabini na moja. Aliwajibu kwamba wazimu aliufanya siku alipoiamini chati. Alishuka kwa shida, akamtazama Rahab, akawatazama watu, akatazama kufuli. Kisha akautazama mnyororo kwa muda mrefu, kama hesabu iliyokosewa na mwanafunzi hodari.

"Kata," alimwambia fundi.

Fundi alileta mkasi mkubwa wa chuma. Mara mbili mkasi uliteleza. Rahab alishika mpini mmoja, fundi mwingine, wakabana pamoja kwa uzito wao wote mpaka mnyororo ukaachia. Omolo alitoka, akapita katikati yao, akaenda kukaa kwenye vumbi upande wa nje, kwa sababu tu aliweza.

Waliingia. Kabla ya adhuhuri walikuwa watu mia moja na arobaini. Rahab aliwapanga kwa madarasa kama siku ya kwanza ya muhula: wenye watoto wachanga darasa la kwanza, wagonjwa ofisini kwa Mkurugenzi, wanaume darasa la saba na la nane wote pamoja, na atakayeuliza jina la ukoo la mwenzake atoke. Hakuna aliyeuliza, angalau si kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa na uchungu wa kujifungua alihitaji sitiri, na hapakuwa na shuka la kutosha. Rahab alimtuma Jerop juu ya geti na kisu. Bango lilishuka, likafungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mtoto wa kiume akazaliwa nyuma ya meani ya mia tatu hamsini na moja.

Alasiri Mama Shakuntala alimkuta Rahab akigawa uji wa unga uliotoka kinuni.

"Wale kumi na mmoja," alisema. "Nilikosea."

"Ndiyo," Rahab alisema, akaendelea kumimina uji. Alijua wengine wangesema si kitu, yamepita. Yeye hakuona kwa nini aseme. Lakini kikombe kilichofuata alimpa mama yule, na mama akakinywa amesimama, pale pale, na magoti yake mabovu.

Naftaly alirudi mwezi wa tatu, baada ya wakubwa kutia sahihi zao za amani, na hakurudi peke yake. Alikuja na kamera, na yule mzee mwenye uso mwekundu, na wageni wengine watatu. Familia thelathini zilikuwa bado ghalani. Rahab alitarajia kwamba mtu huyu atakuwa na haya, hata kidogo, hata ya kujifanya. Alikuwa amekosea tena. Naftaly alisimama katikati ya uwanja, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Wakati milango yote ya Nakuru ilifungwa," aliwaambia wageni, "Ngazi ilifungua yake."

Kisha akamvuta Rahab kando. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya bima. "Mwalimu, tunafungua shule kwa kambi ya uwanja wa maonyesho. Hema kubwa. Nataka uwe mkuu wa kitengo cha dharura. Gari, ofisi, kila kitu. Sema tu maneno mawili kwa hawa wageni."

"Maneno mawili?"

"Matatu ukitaka."

Rahab alisogea mbele. Hakuwa na hotuba. Alisema kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, taratibu kama anayetoa imla, kwamba geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kwamba bwana huyu alikwenda Nairobi na funguo zote mbili na kumwacha mlinzi ndani siku nne. Kwamba mnyororo ulikatwa na yule mama aliyeketi pale na huyu anayezungumza. Na kwamba mwaka uliopita, Subukia, msichana mmoja alimwambia mgeni huyu ukweli, ukatafsiriwa uongo. "Nilikuwepo," alimalizia, "nami nikatabasamu kwenye picha. Naomba msamaha kwa msichana yule. Kwenu siombi."

Wageni walitazamana. Mtu mmoja, asijue la kufanya, alipiga makofi, na wengine wakamfuata, kwa sababu wageni hupiga makofi mtu anaponyamaza. Naftaly alicheka kwa nguvu kuliko wote.

"Mnaona?" alisema. "Walimu wetu wana uhuru wa kusema!"

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kusikia kwamba Naftaly aliangushwa siku ile atafute hadithi nyingine. Mama Shakuntala alimpa notisi ya kuondoka kiwanjani, na akaondoka kabla ya Pasaka na madawati, na fulana, na hata vipande vya bango. Hakuumia. Mnyororo haukuandikwa popote. Hema la kambini lilimpatia picha nzuri kuliko ghala, mwaka haujafika nusu akawa na shule saba, na redioni alialikwa kuzungumzia uongozi wakati wa misukosuko. Mzee wa uso mwekundu hakurudi tena; labda alielewa, labda alizeeka tu. Rahab alibaki ghalani na watoto tisini, mabenchi ya kuazima, na Mama Shakuntala aliyekuwa akifundisha hesabu tena, ameketi kitini, akimtuma mtoto ubaoni badala yake.

Mwezi wa tisa Rahab alikwenda Mai Mahiu kumwona binti wa dada yake, aliyehamia huko baada ya kupoteza nyumba. Aliposhuka penye maegesho ya malori, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa rangi ya chungwa. Shule ya Ngazi ilikuwa nyuma ya safu ya vibanda vya chapati, ya mabati, na moshi wa malori ukiingia madirishani. Alitaka kupita. Halafu akaona kwamba anataka sana kuichungulia, na alijua ni kwa nini: alitaka kuiona mbovu. Alitaka kubeba ubovu ule hadi nyumbani na kuutafuna mwezi mzima.

Alichungulia. Ndani mlikuwa na watoto kama sitini, madarasa mawili yametenganishwa na kamba ya kuanikia nguo, na mwalimu mmoja, msichana wa miaka ishirini na kitu, akikimbia kutoka upande huu wa kamba kwenda ule. Sauti ilikuwa imemkauka. Mtoto mdogo alikuwa amesimama akisoma aya ndefu, akakwama kwenye neno, na mwalimu hakumsaidia. Alingoja. Darasa zima likangoja. Mtoto akalivunja neno vipande, akaliunganisha, akalisema, akaendelea.

Rahab alijikuta ameshika fremu ya dirisha.

Mwalimu alitoka nje kunywa maji, akamkuta pale. "Habari, mama. Unatafuta mtoto?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu. Nakuru."

"Wa Ngazi?"

"Niliwahi."

"Mimi ni Chepkemboi." Msichana alikunywa, akafuta mdomo kwa kiganja. "Ulikuwa unafundisha na kile kijitabu?"

"Wewe je?"

"Nilijaribu wiki mbili. Kinaniambia nitabasamu saa tatu na dakika kumi." Alitazama nyuma kuhakikisha darasa limetulia. "Mkurugenzi alikuja siku ya kufungua. Hajarudi. Kusema ukweli, namwombea asirudi."

Dharau ya Rahab kwa Naftaly ilikuwa mahali pake, nzima, haikupungua hata punje. Lakini haikumtosha tena kwa kilichokuwa mbele yake. Pini ile mtu alikuwa ameichomeka kwa kiburi, akaisahau, na msichana huyu akaja akaweka shule chini yake.

"Mwalimu," Chepkemboi alisema, akisita, "ni aibu kuomba mgeni. Lakini tangu asubuhi sijakaa chini. Ungenishikia la nne hata nusu saa? Wako kwa sehemu, hawaelewi kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi."

Kwa binti wa dada yake walikuwa wakimngoja na chakula. Rahab aliangalia upande ule, kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa mlango.

"Wanaelewa chapati?" aliuliza.

"Chapati wanaelewa."

"Basi niletee moja," alisema, akaingia.